Akisoma Anasifiwa, Akisema Anazomewa

Ukitoka Nakuru mjini kwa barabara ya Njoro, kabla hujafika chuoni utaiona njia ya kuingia Ngata, lilipo kasri la Lord Egerton. Ni jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya 50, na ndani yake mna ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Maurice Egerton, bwana wa Tatton kule Uingereza, alianza kulijenga mwaka wa 1938, likakamilika 1954, akafa 1958. Waelekezaji wana kisa ambacho hakuna mgeni anayeondoka bila kukisikia: mwanamke aliyempenda alimkataa, moyo ukageuka nyongo, akapiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga kwake.

Siku niliyopita huko nilikuta wasichana wa kidato cha pili, wamejipanga kwenye ngazi na madaftari mikononi. Mwelekezi alipofika kwenye ile marufuku, wote wakacheka. Mmoja, sweta imefungwa kiunoni, akanyoosha mkono kana kwamba yuko darasani: "Mwalimu, na sasa nani alikuwa anafagia?"

Mwalimu akamtazama mwelekezi. Mwelekezi akasema wapishi, madobi na wafagiaji walikuwa wanaume. Msichana akaandika.

Kisa hiki kina mkia ambao watu wa Egerton huupenda. Mwaka wa 1939 bwana huyohuyo alitoa ekari 740 Njoro ianzishwe shule ya kilimo, ya kuwafunza vijana wa Kizungu kazi ya shamba. Shule ikawa chuo cha kilimo, baadaye ikapokea watu wa rangi zote, na mwaka wa 1987 ikapandishwa kuwa chuo kikuu kamili. Mwaka wa 2016 chuo hicho kikaongozwa na mwanamke, Profesa Rose Mwonya, naye akawa Naibu Chansela kwenye ardhi iliyotoka kwa mtu ambaye, kwa kisa hicho, asingemkaribisha hata chai.

Kisa ni kitamu mno, na ndiyo sababu nakishuku. Kinatuonyesha mpaka aliowekewa mwanamke kama geti: zamani lilifungwa na mtu mmoja mwenye kinyongo, leo limefunguliwa, mambo yamekwisha. Lakini ukifuatilia maisha ya wanawake wasomi waliopitia Nakuru na Bonde la Ufa la kati, geti la shule si mahali walipoumizwa zaidi. Wengi waliingia. Waliruhusiwa, walisifiwa, hata walichangiwa nauli. Shida ilianza siku waliposimama kusema, kwa sauti yao wenyewe na mbele ya watu, yale waliyoyajua. Jamii zetu hazikumkataza binti kujua kwa ukali ule zilivyomkataza mama kutoa hukumu kwa elimu yake.

Wala si zetu peke yake. Italia ya karne ya 15, katika zile zama za mwamko ambazo Ulaya hujivunia kuwa ndizo zilizofufua elimu ya Wagiriki na Warumi, ilikuwa na mabinti waliofunzwa Kilatini nyumbani na wakashangiliwa kama maajabu. Isotta Nogarola wa Verona, akiwa bado kijana, alimwandikia barua msomi mkubwa wa wakati wake, Guarino. Guarino alipochelewa kujibu, Isotta alichekwa mjini mwake, na wanawake wenzake walikuwa miongoni mwa waliomcheka. Mwaka wa 1439 kikazuka kikaratasi kisicho na jina kikimsingizia kuwa analala na ndugu yake. Kilatini chake hakikupingwa. Kilichopakwa matope ni mwili wake. Cassandra Fedele wa Venice alihutubia Padova mwaka wa 1487, akiwa na miaka ishirini na kitu, akapigiwa makofi hadi nchi za mbali. Kisha akaolewa, na kwa miongo mingi hatusikii tena sauti yake. Elena Cornaro Piscopia alipopata udaktari wa falsafa wa Padova mwaka wa 1678, alikuwa ameomba wa teolojia na askofu akakataa, kwa kuwa mwenye udaktari wa teolojia ana haki ya kufundisha neno la Mungu. Ajue, sawa. Afundishe, hapana.

Pwani yetu nayo ina mfano wake. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alikuwa msomi wa kweli, na utendi aliomtungia bintiye mwaka wa 1858 umesomwa kwa heshima hadi leo. Naupenda. Lakini siwezi kuacha kuona kwamba sauti ya kike iliyopewa mamlaka makubwa kuliko zote katika ushairi wetu wa kale ni ile inayomfunza binti kumtii mume. Sijui kama tungekuwa na nakala endapo angetunga kinyume chake.

Turudi Nakuru. Mashariki kidogo ya mji, juu ya ziwa, kuna kilima cha Hyrax Hill, kilichopewa jina la pelele wanaoota jua kwenye miamba. Louis Leakey alikitambua mwaka wa 1926, lakini aliyekichimba, mwaka wa 1937 na 1938, ni mke wake Mary, mwanamke wa miaka 24 asiye na cheti chochote. Alifukuzwa katika shule mbili za watawa. Alisababisha mlipuko kwenye maabara ya kemia, na aliwahi kujifanya kapatwa na kifafa huku akitoa povu la sabuni mdomoni. Mama yake alipoulizia Oxford, alijibiwa kwamba hakuna haja hata ya kupeleka maombi. Alichokuwa nacho Mary ni mkono wa kuchora. Alichora zana za mawe kwa ajili ya kitabu cha Gertrude Caton-Thompson kuhusu Misri, na kwa njia hiyo akafahamiana na Louis, ambaye wakati huo alikuwa na mke na watoto. Kashfa iliyofuata ilimharibia Louis mustakabali wake Cambridge. Walioana mkesha wa Krismasi wa 1936, na wiki chache baadaye Mary alikuwa Kenya.

Pale kilimani alifukua makazi ya vipindi tofauti, vilivyoachana kwa maelfu ya miaka: makaburi ya wafugaji wa zamani, na juu yake mashimo ya mazizi ambayo wenyeji wa Bonde la Ufa huyahusisha na Wasirikwa. Katika makaburi ya zamani, vyombo vya mawe, yaani sahani na michi ya kusagia, viliwekwa kando ya wanawake. Wanaume hawakuzikwa navyo. Ukipanda leo utaona pia vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba, safu mbili mbili. Watoto wa shule huweka kokoto humo na kuanza kucheza kabla mwelekezi hajamaliza sentensi. Mwaka wa 1938 Mary alihamia Njoro, kwenye pango la kando ya mto katika shamba la Nellie Grant, mama yake Elspeth Huxley mwandishi. Mle alikuta mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa moto kabla ya kuzikwa, pamoja na bakuli za mawe na shanga, na umri wake ukaja kupimwa kuwa karibu miaka 3,000.

Ripoti ya Hyrax Hill aliiandika yeye, ikatoka mwaka wa 1945. Lakini kwa miaka mingi wengi walimjua kama mke wa Leakey. Fuvu la kale lililopatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959 alilibaini yeye, akiwa na mbwa wake, huku Louis amelala kambini na homa. Aliyekwenda kulitangaza duniani ni Louis. Inasemwa, na nadhani kuna ukweli, kwamba Mary mwenyewe hakupenda majukwaa. Basi ni upande gani uliomtengeneza mwenzake: haya yake, au dunia iliyozoea kumsikiliza mume? Oxford ilimpa shahada ya heshima mwaka wa 1981, karibu nusu karne baada ya kumwambia mama yake asijisumbue.

Lakini mfano wa Mary una pengo ambalo mchambuzi wa Nakuru hawezi kuliruka. Mary alivunja masharti ya watu wa tabaka lake akiwa amesimama juu ya ardhi ambayo sheria iliwatengea watu wa rangi yake. Watoto wa vibarua waliokuwa wakipalilia mashamba yaliyozunguka machimbo hayo hawakuwa hata na shule ya kufukuzwa.

Sheria ya 1918 ilimruhusu Mwafrika kukaa kwenye shamba la setla iwapo tu atamfanyia kazi siku 180 kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1940 mabaraza ya masetla katika sehemu kadhaa yalipandisha siku hizo hadi 240, hata 270, na mifugo ya skwota, kama alivyoitwa mkazi huyo, ikapunguzwa. Mke na watoto walihesabiwa katika nguvu kazi ya shamba, hasa wakati wa kuchuma pareto. Shule ilikuwepo endapo setla alitaka iwepo, au endapo wazazi wenyewe walikata miti na kusimamisha moja. Waliisimamisha. Baada ya mzozo wa 1929 kati ya wamisheni na Wakikuyu kuhusu ukeketaji, shule huru zilienea hadi kwa maskwota wa Bonde la Ufa, na mwaka wa 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, serikali ikaanza kuzifunga. Sina haraka ya kuwatakasa upande wowote hapa. Wamisheni na wazee waligombana juu ya mwili wa msichana, na yeye mwenyewe hakuna aliyemwita kikaoni.

Ni kwenye mashamba haya, kiasi cha mwaka wa 1943, alikoletwa mtoto wa miaka mitatu kutoka Ihithe, Nyeri. Baba yake, Muta Njugi, alikuwa dereva na fundi wa magari katika shamba la setla aliyeitwa Neylan, karibu na Nakuru. Mama yake, Wanjiru, alilima. Mtoto huyo ni Wangari, ambaye dunia ingekuja kumjua kama Wangari Maathai.

Watu wengi humweka Wangari Nyeri, na Nyeri wana haki yao. Lakini sababu ya yeye kurudi Nyeri mwishoni mwa 1947 ni Nakuru: shambani kwa Neylan hakukuwa na shule ya kumfaa, na kaka zake walikuwa wameanza masomo Ihithe. Hata hapo haikuwa yeye aliyekusudiwa kusoma. Ni kaka yake Nderitu aliyemwuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wao. Mama angeweza kujibu kwa sababu kumi za busara: maji, kuni, wadogo, ada. Alijibu kwamba hakuna sababu ya kutokwenda. Nimesoma uchambuzi mwingi wa nguvu za kiuchumi na za kikoloni, na sidharau hata mmoja, lakini mara nyingi msichana wa zama zile aliingia shule kwa sababu mtu mmoja ndani ya nyumba aliuliza swali siku ambayo mwenye kujibu hakuwa amechoka.

Akasoma Ihithe, akapelekwa bweni kwa watawa wa Mathari, kisha Loreto Limuru. Nakuru haikumwachilia. Akiwa na miaka kama 16, akisafiri kwenda kumwona baba yake wakati wa Hali ya Hatari, alikamatwa na kuwekwa kambini siku mbili. Mwaka wa 1960 akapanda ndege ya wanafunzi wa mpango uliopewa jina la Kennedy, akaenda Atchison, Kansas, akasoma biolojia. Kisha shahada ya pili Pittsburgh, mwaka wa 1966. Aliporudi Nairobi, kazi aliyoahidiwa katika idara ya zuolojia ilikuwa imepewa mwingine. Aliyemwokoa ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyemchukua katika anatomia ya mifugo. Mwaka wa 1971 alipata udaktari wa falsafa kwa utafiti wa tezi za uzazi za ng'ombe, na akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo.

Mpaka hapo, ukiangalia vizuri, ni hadithi ya sifa. Kijiji kinajivunia, mume mwanasiasa ana mke mwenye udaktari, chuo kina picha nzuri. Kisha akaanza kusema. Kwanza ndani ya chuo: yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walidai walimu wa kike wapate nyumba na marupurupu sawa na wanaume, maana chuo kilichukulia kwamba mwanamke aliyeolewa atakaa kwa mumewe na hivyo hana haja. Kisha nje. Alipokuwa akikusanya kupe kwa utafiti wa ndigana, aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyobeba udongo mwekundu baada ya mvua. Nadhani hapa ndipo wengi humsoma vibaya, wakidhani aliacha sayansi akawa mwanaharakati. Aliifuata sayansi kutoka kwenye kupe hadi kwenye majani, kutoka kwenye majani hadi kwenye udongo, na kutoka kwenye udongo hadi kwa mwanamke aliyekata mti kwa kukosa kuni. Tarehe 5 Juni 1977 ikapandwa miche saba Kamukunji, na Green Belt Movement ikaanza.

Sifa zikageuka. Kesi ya talaka ya 1979, kama ilivyosimuliwa wakati huo, ilimfanya msomi kuwa mshtakiwa: amesoma kupita kiasi, hashikiki. Aliposema katika mahojiano na jarida kwamba hakimu ama hakuijua kazi yake ama alikula rushwa, alihukumiwa miezi sita kwa kudharau mahakama, akakaa ndani siku tatu. Mumewe alimtaka aache kutumia jina lake la Mathai. Akaongeza herufi moja. Mwaka wa 1982 alijiuzulu chuoni agombee ubunge. Akaondolewa kwenye kinyang'anyiro kwa hoja ya usajili, akarudi chuoni akakuta kazi haipo tena na nyumba inatakiwa. Chansela wa chuo alikuwa Rais wa nchi, kwa hiyo mtu hahitaji kutafuta sana mlango ulifungwa kutoka upande upi.

Mwaka wa 1989 alipinga mpango wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Bungeni, wanawake wa harakati yake wakaitwa kundi la wataliki. Siku ya Jamhuri mwaka huo, Rais Moi alisema mwanamke wa Kiafrika anayefuata mila huheshimu wanaume na kunyamaza, na kwamba wapinzani wa mradi wana wadudu kichwani. Soma tena hayo ukimkumbuka Isotta wa Verona. Hakuna aliyejaribu kumwonyesha Wangari alipokosea kuhusu bustani, madeni au gharama. Walijibu kuhusu ndoa yake. Jengo halikujengwa.

Miaka michache baadaye alirudi Bonde la Ufa, safari hii si kwa baba. Mapigano ya kikabila ya 1992 na 1993 yaliteketeza mashamba yaleyale ya zamani ya masetla, Molo, Njoro, Burnt Forest. Wangari akahimiza vitalu na upandaji wa miti ya amani kati ya jamii zilizokuwa zikichomeana nyumba. Serikali ilizuia mikutano yake, na Septemba 1993 maeneo ya Molo, Londiani na Burnt Forest yakatangazwa kuwa ya usalama, wageni wasiingie. Wakati mwingine ililazimu ajifiche. Wakikuyu wenzake walimlaumu kwa kwenda kwa Wakalenjin, na upande wa pili ukamwona jasusi. Alikuwa akisema jambo rahisi, kwamba vita hivi vimepangwa na watu wa juu, lakini ni jambo rahisi ambalo profesa wa kiume angelisema angeitwa mpinzani tu. Yeye alijibiwa kwa uanamke wake.

Kazi ya kuyaweka mashamba yale katika vitabu ilifanywa na mwanamke mwingine, asiye na umaarufu huo. Tabitha Kanogo, mwanahistoria, alikaa na maskwota wa zamani wa Nakuru, akawauliza na akawasikiliza, na mwaka wa 1987 kitabu chake kuhusu maskwota na mizizi ya Mau Mau kikatoka. Kabla yake, hadithi ya Mau Mau ilielekea kuanzia Nyeri na Murang'a na kukaa huko. Kanogo aliipandisha kwenye treni hadi Nakuru, akaonyesha kwamba hasira ilichemka pia kwa waliopunguziwa mbuzi na kuongezewa siku za kazi. Akawauliza na wanawake, jambo ambalo wengi kabla yake hawakuliona la maana. Baadaye akiwa profesa Berkeley, California, aliandika kuhusu wanawake chini ya ukoloni, na mwaka wa 2020 akatoa kitabu kifupi cha maisha ya Wangari Maathai. Mwana wa skwota akaandikwa na mwanahistoria wa maskwota. Ningependa kitabu hicho kingepatikana kwa wingi katika maduka ya Nakuru kama vinavyopatikana vya namna ya kutajirika.

Utafiti wa aina hii hauna kashfa wala kambi ya kizuizini, na nadhani ndiyo maana husahaulika tunapohesabu waliovuka mipaka. Lakini kumpa bibi wa Elburgon au Subukia nafasi ya kuwa shahidi wa historia ni kuvuka mpaka pia.

Kusini magharibi, upande wa Trans Mara katika kaunti ya Narok, Kakenya Ntaiya wa Enoosaen alivuka kwa kujadiliana. Alikuwa ameposwa akiwa mtoto, na desturi ilitaka akeketwe kisha aolewe. Akamwambia baba yake: nitakeketwa, lakini uniahidi nitamaliza sekondari, la sivyo natoroka, na aibu itabaki nawe. Baba akakubali. Alipopata nafasi chuoni Virginia, kijiji kilimfanyia harambee ya nauli, naye akaahidi kurudi na kitu. Mwaka wa 2009 alianzisha shule ya wasichana hukohuko Enoosaen, na mwaka wa 2011 akapata udaktari wa elimu Pittsburgh, chuo kilekile alichosoma Wangari, katika mwaka uleule Wangari alipofariki, tarehe 25 Septemba. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji.

Kisa cha Kakenya husimuliwa kama ushindi, na ni ushindi. Mimi hubaki kwenye yale makubaliano. Mtoto wa kama miaka 13 alilipia elimu yake kwa mwili wake, na akajua wazi kwamba analipa. Wangari alilipa baadaye, kwa ndoa na kazi. Mary alilipa kwa kuitwa mvunja nyumba ya mwenzake, na malipo yake yalikuwa nafuu kwa kuwa sheria ya nchi ilikuwa ya watu wake.

Na leo? Msichana wa Nakuru ana shule ya msingi isiyo na karo tangu 2003, na akipata mimba sera inaruhusu arudi darasani. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 kaunti ilimchagua Susan Kihika, wakili, kuwa gavana, seneta mwanamke, na mbali na Mwakilishi wa Kike, wabunge wanawake katika maeneobunge ya Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati. Kuna wanaosema sasa mtoto wa kiume ndiye aliyesahaulika, na ukipita vituo vya bodaboda saa nne asubuhi hutawabishia kwa urahisi. Lakini kusikitikia mvulana hakufuti swali la hapa. Kampeni zilezile zilizowapa wanawake hao viti zilijaa swali ambalo mgombea wa kiume haulizwi: umeolewa wapi? Mwanamke akiolewa nje ya kaunti anaambiwa akagombee kwa mume. Akigombea kwa mume anaambiwa arudi kwao. Asipoolewa, basi hoja ndiyo hiyohiyo, hahitaji kuulizwa kingine. Watu hawaulizi amesomea wapi. Shahada yake imekubalika zamani, kama kiti kizuri sebuleni.

Nimehudhuria mahafali kadhaa Njoro. Desturi ni kwamba mtu anayetunukiwa udaktari husomewa maelezo ya utafiti wake mbele ya umati. Anasimama kimya, kofia imeinama kidogo, huku mwingine akisoma kwenye kipaza sauti nini alichokigundua. Mara moja aliyesimama alikuwa mwanamke wa makamo, na maelezo yalikuwa ya udongo na mbegu, kwa Kiingereza cha kitaalamu kilichopeperushwa na upepo kabla hakijatufikia sisi wa nyuma. Vigelegele vikapigwa. Baadaye nikawakuta kwenye nyasi, yeye na watu wake, matatu ya kukodi imeegeshwa kando, mashada ya karatasi za kung'aa shingoni mwake yakiwa mazito kama ya bibi harusi. Mjomba alitoa hotuba, ndefu. Mchungaji akaomba. Kaka akashukuru kwa niaba ya familia. Soda zilipokuwa zikigawiwa, nyanya mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, leso magotini, akamshika mkono.

"Haya, mama," akamwambia. "Hawa wote wamesema. Sasa wewe tuambie mwenyewe. Uliandika nini?"

Mwanamke akavua kofia, akachuchumaa mbele ya kile kiti, akachota udongo kidogo pale kwenye nyasi na kuanza kumweleza.